Mgonjwa Akifika Dirishani: Somo Kuhusu Wanafunzi wa Dawa na Watu Wetu Wenye Presha na Sukari



Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya watu wawili wanaokutana kwa dakika mbili tu, kila mmoja upande wake wa dirisha. Ndani amesimama kijana mwenye koti jeupe, mwanafunzi wa dawa aliyeletwa hospitalini kufanya mazoezi. Nje amesimama mama mwenye presha, au sukari, au yote mawili. Mama huyu alitoka nyumbani kukiwa bado giza. Amepanga foleni ya kadi, foleni ya daktari, foleni ya maabara, na hii ya dawa ndiyo ya mwisho. Kijana anamsukumia bahasha mbili. "Mama, hii ni moja mara mbili, hii ni moja mara moja. Anayefuata!" Mama anajibu, "Asante, daktari," anaenda kutafuta matatu.

Hayo ndiyo mazungumzo yote. Sisi tunaofanya kazi ya huduma za jamii katika parokia za Kisii na Nyamira si wataalamu wa dawa, na hatutaki kujifanya. Lakini kwa muda sasa tumekuwa tukiwapokea wanafunzi hawa vijijini na kuwapeleka katika nyumba za wagonjwa. Tuliyoyaona huko yametufanya tuamini kwamba kuongea na mgonjwa ni ujuzi unaofundishwa, sawa na vile kuhesabu tembe kunavyofundishwa. Moyo mzuri peke yake hautoshi. Wengi wa vijana hawa wana moyo mzuri sana, na bado mgonjwa anaenda nyumbani bila kuelewa.

Jumatano ya Majivu

Tuanze na jambo lililotuuma. Kuna mama wa jumuiya moja upande wa Nyamira, ana miaka 56, ana ugonjwa wa sukari na anatumia tembe za glibenklamidi. Siku ya Jumatano ya Majivu aliamua kufunga kama Wakristo wenzake. Asubuhi alimeza dawa, maana aliambiwa asiiache hata siku moja, kisha akaenda kuchuma chai bila kutia kitu kinywani. Ilipokaribia saa sita akaanza kutetemeka na kutokwa na jasho baridi. Baadaye akawa anaongea maneno yasiyoeleweka. Wenzake walidhani ni mapepo, mmoja akaanza kumwombea. Mwingine, Mungu amsamehe, alisema amelewa.

Bahati njema akaitwa mhudumu wa afya wa kijiji, mmoja wa wale waliopewa mikoba ya vifaa na serikali mwaka 2023. Akamtoboa kidole, akapima, sukari ilikuwa chini sana. Kwa kuwa mama bado alikuwa anaweza kumeza, walimpa maji yenye sukari nyingi, na kidogo kidogo akaanza kuwatambua watu. Kisha wakampakia kwenye pikipiki, mtu mmoja akimshikilia nyuma, hadi hospitali. (Wasomaji wakumbuke: aliyezimia kabisa hatiwi kitu mdomoni, kitampalia. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali mara moja.)

Jioni tuliomba kuona bahasha ya dawa. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu: 1 x 2. Kwa mtu wa dawa maana yake ni tembe moja, mara mbili kwa siku. Mama aliisoma vile alivyoona: moja asubuhi, mbili jioni. Alikuwa amefanya hivyo kwa miezi mitatu. Alikuwa amerudi kliniki mara tatu na kupewa dawa mara tatu, na hakuna aliyemwuliza, "Mama, unaimezaje hii?"

Hospitali hatuitaji, maana hata sisi tulikuwa na sehemu yetu. Ndio sisi tuliozunguka jumuiya kwa jumuiya kabla ya Kwaresima tukihimiza mfungo. Sheria ya Kanisa juu ya kufunga inawahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60, na wagonjwa hawabanwi nayo. Tunaijua vizuri. Lakini hatukusimama hata mara moja kusema, "Mwenye sukari aliye kwenye dawa asifunge kabla ya kuuliza." Tulidhani watu wanajua.

Tumeeleza habari hii kwa urefu kwa sababu tunaitumia kufundishia. Mwanafunzi akiisikia huwa anajua jibu la kitabuni papo hapo. Glibenklamidi inailazimisha kongosho itoe insulini, uwe umekula au hujala, kwa hiyo ukiimeza na kukaa njaa sukari inaporomoka. Metfomini haina hatari hiyo ikitumiwa peke yake. Taabu yake kubwa ni kuvuruga tumbo, ndiyo maana inamezwa pamoja na chakula. Mwanafunzi anayajua haya yote. Tukimwuliza, "Je, ungemwambiaje huyu mama, tena kwa maneno gani?" ananyamaza.

Malaria ni siku tatu

Lazima tuwaelewe. Kazi ya dawa katika nchi yetu kwa muda mrefu ilikuwa ni kupigana na magonjwa ya kuja na kwenda. Mtu mzima mwenye malaria humeza tembe 4 mara mbili kwa siku, kwa siku 3, basi. Akikosea, atarudi wiki ijayo na utajua. Presha na sukari si hivyo. Hapo dawa ni ya kila siku mpaka kaburini, mgonjwa mara nyingi hasikii maumivu yoyote, na makosa yake yanaonekana baada ya miaka, kwa kiharusi, figo kufa, macho kupofuka au mguu kukatwa.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uligundua kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani. Hata mtu akishapimwa na kupewa dawa, kazi haijaisha. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri ni kama nusu tu ya wagonjwa wa magonjwa ya kudumu wanaofuata dawa zao vile walivyoagizwa. Kama ni hivyo kwa watu wenye duka la dawa kila kona, itakuwaje kwa yule anayetembea kutoka mlimani mpaka barabara ya lami?

Zamani mtu wa dawa alifundishwa hasa dawa yenyewe, jinsi inavyotengenezwa, inavyohifadhiwa, inavyopimwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kufundisha shahada ya ufamasia mwaka 1974, nchi ilikuwa na haja kubwa ya watu wa kusimamia dawa zisiharibike na zisiibiwe. Haja hiyo bado iko. Lakini mwaka 1990 Wamarekani wawili, Charles Hepler na Linda Strand, waliandika kwamba mfamasia anapaswa kuwajibika kwa matokeo ya dawa ndani ya mgonjwa, hata baada ya kumkabidhi. Kwa maneno yetu ya kijijini ni kama kusema mwenye duka la mbegu aje shambani kuona kama mahindi yaliota.

Mfano mzuri hauko mbali. Huko Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, wafamasia walianza mwaka 2008 kuendesha wenyewe kliniki ya wagonjwa wanaotumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Dawa hii ni ngumu. Ikizidi mtu anavuja damu, ikipungua damu inaganda, na hata mboga inaigusa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2011 ilionekana kliniki hiyo haikuachwa nyuma na kliniki za namna hiyo katika nchi zenye uwezo. Ni huko Eldoret pia wanafunzi wa dawa wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani wamekuwa wakija na kuzunguka wodini pamoja na Wakenya, kila mmoja akipewa wagonjwa wake wa kufuatilia. Sisi tumependa jambo hilo la "wagonjwa wake". Mwanafunzi akishakuwa na mgonjwa wake, anaacha kumwita "yule wa kitanda cha nane".

Kwa sababu tumetaja wafarini, neno moja juu ya mboga zetu. Kuna wagonjwa wa moyo huku kwetu walioambiwa wasile tena chinsaga wala managu kwa ajili ya dawa hiyo. Mkisii aache chinsaga! Wengi wanajibu ndiyo na kula kwa siri, leo sahani nzima, wiki ijayo hakuna. Kumbe shida ni kule kupanda na kushuka. Linalofaa ni kula kiasi kilekile wiki hadi wiki na kupimwa damu kila anapoitwa. Mwanafunzi anayejua mboga za mahali atalieleza hili vizuri zaidi kuliko yule anayetaja mboga za Ulaya zilizo kwenye kitabu chake.

Maswali matatu, na kurudisha maneno

Njia tunayoiona wakufunzi wakiitumia, nasi tunaikubali, ilianzia katika huduma ya afya ya wenyeji wa asili wa Marekani. Mfanyakazi wa dawa haanzi kwa kueleza, anaanza kwa kuuliza. Daktari alikuambia dawa hii ni ya nini? Alikuambia uitumieje? Alikuambia utegemee nini ukiitumia? Mgonjwa akijibu vizuri, hakuna haja ya hotuba. Anapokosea ndipo unapojaza. Mwisho unamwomba akurudishie kwa maneno yake, na si kumwuliza "umeelewa?" Kwa "umeelewa" kila mtu hujibu ndiyo, hasa mzee mbele ya kijana mwenye koti. Ni afadhali kusema, "Mama, ukifika nyumbani na binti yako akuulize dawa hizi zinamezwaje, utamwambiaje?" Swali la namna hiyo halimwaibishi mtu.

Wanafunzi hulalamika kwamba foleni ni ndefu. Ni kweli. Lakini wale tuliokuwa nao walipojaribu waligundua kwamba mgonjwa wa kudumu anahitaji maelezo mengi siku ya kwanza tu. Siku nyingine swali moja linatosha: "Leo asubuhi umemeza zipi?"

Kuna shida ya lugha pia. Wengi wa wanafunzi hawa wametoka kaunti nyingine na hawajui Ekegusii. Wanamwita mjukuu atafsiri. Tulimwona msichana wa darasa la saba akimtafsiria babu yake maswali juu ya dawa ya presha. Alipoulizwa kama dawa ina madhara yoyote, babu alikaa kimya, kisha akasema hakuna. Tulipobaki na mzee tukiwa wanaume watupu alieleza kwamba tangu aanze dawa amepoteza nguvu za ndoa, na kwa hiyo alikuwa ameiacha miezi miwili. Angemwambiaje mjukuu maneno hayo? Na hata dirishani angeyasemaje, watu ishirini wakiwa nyuma yake? Presha yenyewe na sukari yenyewe huleta tatizo hilo, na dawa nyingine pia, na mara nyingi daktari anaweza kubadilisha dawa. Lakini haijulikani mpaka mtu apate pa kusema. Tunaomba kila duka la dawa liwe na kona moja yenye kiti, hata kama ni ya kuzibwa kwa pazia.

Kwa mafunzo yenyewe sisi tunatumia mchezo wa kuigiza, kwa njia tuliyorithi kutoka mafunzo ya DELTA ambayo Anne Hope na Sally Timmel waliyaanzisha Kenya mwaka 1974. Wakristo wa rika kubwa watayakumbuka. Mchezo unaonyesha shida bila kutoa jibu, halafu watazamaji wanaulizwa: Mmeona nini? Kwa nini ilitokea? Je, hutokea kwetu? Tunamvika mwanafunzi leso, anakuwa mgonjwa. Mama mmoja wa jumuiya anavaa koti jeupe, anakuwa daktari wa dawa. Akina mama wetu wanawaigiza watu wa hospitali vizuri mno, mpaka wanafunzi wanacheka na kuinamisha vichwa. Tuliwahi kuwa na kijana aliyesema baada ya mchezo, "Kumbe hatuwaangalii usoni." Mkufunzi wake alikuwa amemwambia hivyo mara nyingi.

Nyumbani kwa mgonjwa

Hapa ndipo mwanafunzi anajifunza zaidi. Tukipata idhini ya mgonjwa na ya mkufunzi, tunawapeleka wawili wawili. Tunawaambia waache koti hospitalini na wasikatae chai.

Katika nyumba moja ng'ambo ya Ogembo kulikuwa na kijana wa miaka 19 mwenye sukari ya kudungwa insulini. Dawa ilikuwa inaletwa vizuri, anajidunga vizuri, lakini sukari haishuki. Hospitalini walikuwa wanamshuku kwamba anadanganya. Mwanafunzi mmoja, binti mpole asiyeongea sana, aliomba kuona chupa. Mama wa nyumba akanyosha mkono juu ya meko, pale kwenye dari ya fito tunapokaushia kuni, akaishusha ikiwa imefunikwa kwa kitambaa safi. Aliiweka pale ili watoto wasiifikie! Joto la meko lilikuwa limeiua dawa. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje ya friji kwa kama wiki 4, mradi ni mahali pa baridi, mbali na jua na moto, na isigande barafu. Binti yule hakufoka. Aliuliza kama kuna chungu. Vyungu viwili vikatafutwa, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati, kifuniko juu, na chupa ndani ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni usioingiza maji. Kwa baridi ya milima yetu njia hii inasaidia sana.

Upande wa Nyansiongo tulimtembelea mchumaji chai mwenye presha aliyepewa dawa ya kutoa maji mwilini. Alikuwa anairuka siku zote za kazi na kuimeza Jumapili tu. Kwa nini? Dawa inampeleka haja kila mara, na katikati ya chai hakuna choo, wanaume wamejaa pande zote. Mwanafunzi alikuwa ameandika kwenye karatasi yake "mgonjwa mkaidi". Tulimwomba alifute neno hilo. Walirudi kwa daktari wakaeleza, akapewa dawa nyingine ya presha isiyo na shida hiyo. Sisi tunahesabu hiyo kuwa kazi kubwa kuliko mtihani, na hatujui kama kuna alama zake.

Tumekuta pia tembe zilizoazimwa kwa jirani, dawa za miti shamba zinazonywewa pamoja na za hospitali bila daktari kujua, na watu walioacha enalaprili kwa sababu inawakohoza, wakanunua dawa ya kikohozi badala ya kurudi kuuliza. Tumekuta wanaonunua dawa ya miezi miwili wakati wa bonasi ya chai mwezi Oktoba, halafu hawana kitu hadi Januari. Tumekuta wanaosema ugali wa wimbi hauna sukari, kwa hiyo wanakula mlima. Wimbi ni chakula kizuri, lakini ni wanga vilevile, kipimo ni kile kile cha ngumi. Na tuseme bila kuogopa: tumekuta waliotupa dawa baada ya kuambiwa katika maombi kwamba wamepona. Wengine ni Wakatoliki wenzetu. Mwanafunzi asibishane na imani ya mtu. Amwombe tu apimwe kwanza.

Kuna mipaka, na wanafunzi tunawakumbusha. Mwanafunzi habadilishi dozi kwa akili yake, anampelekea mkufunzi wake au daktari. Akimkuta mtu mwenye maumivu ya kifua, mdomo uliopinda, mkono uliolegea ghafla au kidonda cha mguu kisichopona, hapo hakuna ushauri nasaha, hapo ni kutafuta gari. Na yanayosemwa ndani ya nyumba yabaki ndani ya nyumba.

Jambo jingine linatusumbua, na haifai tulifiche. Mara nyingine mwanafunzi anamweleza mgonjwa kwa upole wote, mgonjwa anaelewa, anarudisha maneno bila kosa, halafu rafu ni tupu na anaambiwa akanunue nje. Ushauri hauwezi kukaa mahali pa dawa. Makanisa yetu yalipoanzisha MEDS mwaka 1986, Wakatoliki na ndugu zetu Waprotestanti kwa pamoja, ni kwa sababu waliona hospitali za misheni zikikosa dawa za lazima. Nia hiyo iendelee, na kaunti zetu mbili nazo ziulizwe, kwa heshima lakini ziulizwe, juu ya dawa za presha na sukari. Wanafunzi waliotembelea wagonjwa ni mashahidi wazuri wa kuitwa katika mikutano hiyo.

Kwa mazungumzo ya jumuiya, tunapendekeza maswali haya. Nani kati yetu anameza dawa kila siku, na kuna mtu wa nyumbani anayejua anavyozimeza? Ni kitu gani kinachowafanya watu wetu waache dawa bila kusema? Tukitangaza mfungo, tutawaambiaje wagonjwa ili wasijione wametengwa?

Wanafunzi wengine watakuja wakati wa mazoezi yao, na jumuiya inayotaka kuwapokea imwambie katekista wake mapema. Siku hiyo kila mgonjwa alete dawa zote alizo nazo nyumbani katika mfuko mmoja, za hospitali, za dukani, za miti shamba, hata zile zilizobaki za marehemu. Asizipange wala kuzisafisha, tunataka kuziona vile zilivyo. Chai itapikwa bila sukari, na sukari itakuwa mezani kwa asiye na shida.